Jogoo wa Koplo Kaleli

Mwaka wa hamsini na nne mimi, Philip Barasa, nilikuwa bingwa wa kitu kimoja katika shamba la Bwana Hapana, na kitu hicho kilikuwa ngumi. Wenzangu walikuwa na vipaji vya heshima. Nyapara Muigai, kwa mfano, alijua kulala huku amesimama na macho wazi. Mimi nilimpiga dereva wa trekta kwa sababu alicheka nikipita. Nilimpiga mpishi wa Bwana kwa sababu ya tusi ambalo, tulipokuja kuulizana polepole, hakuna aliyelitamka. Nilimpiga hata shemasi Simeon wa kanisa letu, mchana wa Jumapili, Biblia yake ikiwa kwapani. Mpaka leo sikumbuki tulikuwa tunagombania nini.

Bwana Hapana alikuwa na jina alilopewa na mama yake, lakini hilo halikutuhusu. Tulimwita kwa neno lililomtoka mara nyingi zaidi. Likizo? Hapana. Bati jipya? Hapana. Kahawa yake ilianzia karibu na Ruiru ikateremka mpaka mtoni upande wa Thika, na kila Jumamosi alikwenda kwenye ile hoteli ya maporomoko ya Chania kuwaeleza wazungu wenzake jinsi sisi tulivyo wavivu. Kazi hiyo ilimchosha sana, maskini wa Mungu. Jumatatu alikuwa anaamka saa nne.

Baada ya mambo ya shemasi aliniita ofisini.

"Barasa, wewe hapana piga mutu tena. Piga mutu moja tu, wewe na bibi yako nakwenda Kimilili siku ile ile. Sikia?"

Nilisikia. Ningekuwa peke yangu ningetoka pale nikicheka. Lakini Nafuna, mke wangu, alikuwa na mimba ya miezi mitano, na mimba iliyotangulia ilitoka njiani. Tulikuwa tumefukuzwa shamba moja la Kitale kwa ajili ya ngumi hizi hizi, tukaja huku juu ya lori la mahindi, siku mbili za mvua na mashimo, na mtoto tukamzika kando ya barabara mahali ambapo hata jina lake sikuuliza. Nafuna hakunilaumu. Angenilaumu ningepata cha kugombana naye.

"Baba Jentrix," aliniambia jioni ile, binti yetu Jentrix amelala kando yake, "mimi na tumbo hili sipandi lori tena. Nenda kwa Koplo akufundishe kunyamaza."

"Nikafundishwe na yule kichaa?"

"Wewe mwenye akili umetufikisha wapi?"

Koplo alikuwa Kaleli, Mkamba wa Gatuanyaga, huko kwenye vumbi mashariki ya Thika. Alipigana Burma wakati wa vita ya Wazungu, akarudi na kovu la paja, koti la jeshi na tabia ya ajabu. Saa ya chakula, wakati watu wenye akili timamu tunasukumana kwenye sufuria ya maharagwe, yeye alikwenda nyuma ya meza za kukaushia kahawa, akakunja miguu, akafumba macho, akatulia tuli. Halali, haombi, haongei. Watu walisema bomu lilimtikisa kichwa. Mimi nilisema ni uvivu tu uliopata mafunzo ya kijeshi.

Basi nikaenda. Nilimkuta palepale, nikasimama mbele yake nikakohoa. Hakufumbua macho. Nikakohoa tena. Mara ya tatu nilikuwa tayari kumpiga teke.

"Hiyo ndiyo umeleta?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

"Nini?"

"Hiyo unayotaka kunipiga nayo."

Ala! Nikakaa chini. Nikamwambia shida yangu, nikamwambia anipe dawa na anitajie ada yake.

"Sina dawa," akasema. "Nina kukaa."

"Kukaa hata kuku wanajua."

"Kuku wanajua. Wewe hujui."

Akanieleza alikojifunza kukaa huko. Jeshi lilipokuwa Seloni, kile kisiwa cha chini ya Uhindi, kabla ya kuvuka kwenda Burma, aliugua malaria akalazwa karibu na hekalu. Hapo palikuwa na mtawa mmoja mzee, kichwa kimenyolewa, amejifunga shuka la rangi ya manjano, ambaye kila asubuhi alikwenda na bakuli kuomba chakula mlango kwa mlango. Mtawa alimfundisha kwa ishara na kwa Kiingereza cha kuokoteza. Alikuwa anafuata njia ya mtu wa zamani anayeitwa Budha, mwana wa mfalme aliyeacha nyumba ya babake akaenda kukaa chini aone shida za watu zinatoka wapi.

"Ngoja kidogo," nikasema. "Mkubwa wao alikuwa na ufalme akautupa. Na mwalimu wako alikuwa ombaomba. Na wewe umerudi na koti. Huo ndio werevu wa Seloni?"

"Ndio huo," akasema Kaleli, na wala hakuudhika. Hilo ndilo liliniudhi.

Nilitegemea somo. Mwalimu ninayemjua mimi ana ubao, chaki na fimbo. Kaleli alinipeleka kwenye meza za kahawa. Wasiojua kazi hii niwaambie: kahawa ikishaoshwa inatandazwa juani juu ya meza ndefu, na mtu anaigeuza kwa mikono kutwa nzima ili ikauke sawasawa, huku akitoa mbegu mbovu. Ni kazi tuliyowaachia wanawake na wazee. Mimi, mtu wa kubeba magunia, akaniambia nigeuze meza moja, na kila nikigundua kwamba akili yangu imeondoka kwenye mikono, nirudi mwanzo wa meza.

Siku ya kwanza sikumaliza hata robo. Akili ilikwenda kwa dereva wa trekta, ikaenda Kitale, ikaenda kwa shemasi, ikampiga tena shemasi. Wanawake walikuwa wanacheka mpaka wanajishika mbavu. "Barasa anatafuta sindano!" wakasema. Nikarudi mwanzo wa meza mara thelathini hivi, nikiwa natukana kwa Kibukusu.

Baada ya wiki mbili akaniruhusu kukaa. Pumzi inaingia, inatoka, moja. Inaingia, inatoka, mbili. Ukifika kumi unarudi moja. Ukipotea, unarudi moja. Hayo ndiyo masomo yote, jamani. Mtu avuke bahari, apigwe risasi, alale na malaria, aje anifundishe kuhesabu mpaka kumi, kitu ambacho Jentrix wangu alikuwa anakijua.

Ila sikufika kumi. Nilifika nne, nikajikuta nagombana na mtu.

"Hasira ikija," Kaleli alisema, "isalimie. Usiipe kiti."

"Na kama mtu amenikosea kweli?"

"Umewahi kuingiwa na funza?"

"Nani hajaingiwa?"

"Unamtoa na pini, sivyo? Sasa wewe funza wako alitolewa Kitale mwaka juzi, na bado unachokoa hilo shimo. Halafu unauliza ni nani anakuumiza."

Nikamwambia, "Sawa, mwalimu, nimekuamini."

Hapo ndipo nilimwona akikunja uso kwa mara ya kwanza. "Usiniamini mimi. Jaribu, uone. Ikikusaidia, shika. Ikikudanganya, tupa, hata kama ni mimi nimesema." Sasa huyo ni mwalimu gani? Wa shule yetu kule Kimilili ungemwambia hivyo angekuchapa mpaka umwamini.

Na ada hataki. Hilo lilininyima usingizi kuliko yote. Kwetu mtu akikutibu unampa kitu, usipotoa dawa inakataa, inaweza hata kukurudia. Nilimpelekea jogoo mwekundu, mzuri, wa mbegu. Akamrudisha. Nikampeleka tena, akamrudisha na kumwekea mtama. Mara ya tatu aliniambia, "Barasa, huyu jogoo sasa anaijua njia kuliko wewe." Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi hodari kwa mambo niliyojifundisha mwenyewe, na moyoni nikaapa kwamba atampokea tu.

Maana dawa ilikuwa inafanya kazi! Mwezi wa pili dereva wa trekta alinirushia matope makusudi, mbele ya watu. Hasira ikaja, niliiona ikija, kutoka tumboni, ikapanda kifuani, ikafika begani. Nikaisalimia. Nikasimama pale matope yakinichuruzika usoni mpaka ikaenda zake. Dereva aliogopa kuliko siku niliyompiga. Alizima injini akashuka kuniomba msamaha.

Mtu mwenye busara angenyamaza. Mimi nilizunguka laini zote za nyumba za wafanyakazi nikijisifu. Nikawaambia Koplo amenibadilisha, kwamba sasa hata nikitaka kukasirika siwezi, kwamba tunakaa pamoja kwa siri yetu na mambo mengine siwezi kuyasema mbele ya wanawake. Hayo ya siri niliyatia chumvi tu, ili yapendeze. Mwaka wa hamsini na nne! Wakati homgadi, wale askari weusi wa serikali, wanapekua mpaka vyungu vya uji wakitafuta watu waliokula kiapo cha kupigana na Wazungu! Nafuna alinivuta mkono akasema, "Funga mdomo, wee mtu." Nikamwambia kwa upole mkubwa kwamba hana amani moyoni.

Nyapara Muigai naye, siku hiyo, kwa bahati mbaya, hakuwa amelala.

Jumapili iliyofuata, saa tano ya asubuhi, tulikuwa nyuma ya meza za kahawa, mimi na Kaleli, vifua wazi kwa sababu ya jua, miguu tumekunja, macho tumefumba. Kando yetu nilikuwa nimemfunga jogoo wangu mwekundu, mara ya nne. Na kwa kuwa nilikuwa napotea mno siku hiyo, Kaleli aliniambia nihesabu kwa sauti. Basi homgadi sita na bunduki zao walitokea kwenye kahawa wakakuta watu wawili nusu uchi, jogoo amefungwa kamba, na mmoja anasema, "Tano... sita... saba..."

Mimi hata leo siwalaumu. Hata mimi ningetukamata.

Walitupeleka kituoni Ruiru. Jogoo pia, kama ushahidi, na jioni nilisikia harufu ya ushahidi ukikaangwa. Asubuhi tukaingizwa mbele ya ofisa wa kizungu aliyekuwa na kalamu mbili mfukoni, na mkalimani. Kaleli alikalishwa sakafuni, nami nikasimamishwa.

"Mlikuwa mnafanya nini?"

"Hatukuwa tunafanya kitu, bwana."

"Nani aliwafundisha?"

"Kufanya nini?"

"Kutofanya kitu."

Nikamwonyesha Kaleli. Ofisa akaandika. Akamuuliza Kaleli kama ni kweli, Kaleli akasema ni kweli, alijifunza Seloni. Akaulizwa kama ndiko kiapo kilikotoka, akasema hakuna kiapo. Jogoo je? Jogoo ni wa Barasa, akasema, nimemkataa mara tatu. Mkalimani alipomaliza kutafsiri hilo, ofisa alitikisa kichwa kama mtu aliyeshinda. Ni wazi kwamba mtu anayekataa jogoo ana mambo makubwa zaidi.

Kisha akanigeukia, akatoa barua. Bwana Hapana alikuwa ameandika kwamba kahawa inaiva na anataka watu wake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa amesema ndiyo, na alikuwa amesema kwa ajili yangu.

"Wewe ni mtu wa kudanganywa tu," mkalimani akaniambia. "Sema huyu alikuapisha, weka kidole hapa, rudi kazini. Ukikataa mnakwenda kambi ya wafungwa wote wawili, na mke wako anapandishwa lori leo kwenda kwao."

Lori. Lile neno.

Nikaisikia ikija. Kutoka tumboni, kifuani, begani. Hasira kubwa ambayo sijawahi kuwa nayo, na safari hii ilikuwa na haki zote. Ingekuwa miezi mitatu nyuma ningeipindua ile meza na kupiga kelele kwamba ni uwongo, uwongo mtupu, na wangenivunja meno, na ukweli ungekuwa umesemwa. Lakini mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye maendeleo. Nikavuta pumzi, nikaitoa. Moja. Nikaisalimia hasira, sikuipa kiti. Ikatoka, ikaniacha pale mweupe kabisa, mtulivu, na hakuna kitu tena ndani yangu cha kunizuia.

Nikafika kumi. Ilikuwa mara ya kwanza kufika kumi bila kupotea.

"Ndiyo," nikasema. "Aliniapisha."

Nikaweka kidole gumba. Wino ulikuwa baridi. Walipomnyanyua Kaleli kumtoa alinitazama kidogo, akasema, "Msalimie Mama Jentrix."

Nikarudi kazini, na watu walinipokea vizuri. Walisema kumbe Barasa ni mtu wa serikali. Dereva wa trekta akawa ananipa lifti. Shemasi Simeon akanitolea mfano kanisani, jinsi neema inavyoweza kumlainisha mtu mgumu. Bwana Hapana alinifanya nyapara mdogo wa meza za kahawa. Mwezi wa tisa Nafuna alijifungua mtoto wa kiume, mzima, analia kama tarumbeta, nyumbani kwetu, mbali na lori lolote. Nilipata kila nilichotaka.

Nafuna nilimwambia habari ya kidole siku ya tatu baada ya kujifungua. Nilitegemea atanishukuru. Alikuwa ananyonyesha, hakuinua kichwa.

"Ulikasirika?" akauliza.

"Hapana. Nilitulia kabisa."

Akamhamishia mtoto titi la pili. "Mimi nilikuwa naishi na mtu mgomvi," akasema, "na nilimjua. Wewe sikujui."

Tangu siku hiyo nikawa sikai tena. Nikifumba macho naona kidole tu.

Mwezi wa kumi na mbili alikuja mwanamke mwembamba, miguu imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Nilikuwa nimekaa mlangoni, ni Jumapili. Alisema jina lake ni Mwongeli, mke wa Kaleli, ametembea kutoka Gatuanyaga tangu alfajiri. Nafuna alimkaribisha, akampa maji, akatandika gunia tukae.

"Kuna mtu ametoka kambini ameniletea maneno ya mume wangu," akasema. "Yuko hai. Wanamvunjisha mawe. Amesema niende kwa Barasa wa kwa Bwana Hapana."

"Kwa nini kwangu?"

"Kwa sababu ya hasira." Alitazama mikono yake. "Kuna mtu aliweka kidole. Nikimfikiria nashindwa kula. Juzi nilimchapa Mbaluka, mtoto wangu wa mwisho, kwa sababu ya maji yaliyomwagika, nikamchapa mpaka nikauogopa mkono wangu. Kaleli amesema wewe ulikuja kwake ukiwa hivyo hivyo, na wewe ndiye utakayenifundisha kukaa. Nifundishe, ndugu yangu. Nitamuua mtoto."

Nafuna alisimama ameegemea ukuta na mtoto wake mkononi, ananitazama. Hakunisaidia hata kwa kope.

Basi nikaanza kufundisha. Mimi! Nikamwambia akunje miguu, anyooshe mgongo, afumbe macho. Nikamwambia pumzi inaingia, inatoka, hiyo ni moja. Alinitii neno kwa neno, mikono juu ya magoti, uso wake umechoka na umeniamini. "Moja," akasema. "Mbili." Kaleli aliniambia nisimwamini hata yeye. Huyu mke wake hakuna aliyekuwa amemwonya.

"Tatu," akasema.

"Mama Mbaluka," nikasema, "fumbua macho. Nitazame." Nikamwonyesha kidole gumba. "Ni hiki. Ni mimi niliyekiweka."

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa. Alinizaba kofi ambalo dereva wa trekta na mpishi na shemasi kwa pamoja hawakuwahi kunifikishia nusu yake, nikaona nyota mchana. Mtoto wa Nafuna akaanza kulia. Nilingoja la pili, na sikuinua mkono, na wala sikuhesabu kitu.

Mwongeli alikuwa amesimama juu yangu anahema. Akahema hivyo mpaka ikapungua. Halafu akaketi tena kwenye lile gunia, akakunja miguu, akajifuta uso kwa leso.

"Gatuanyaga ni mbali," akasema. "Nilikuja kufundishwa, na nitafundishwa. Tukimaliza unainuka, tunakwenda wote wawili kwa huyo mzungu uliyemwekea kidole, unamwambia ulivyoniambia mimi."

"Watanipeleka kambini, mama. Na hawa watafukuzwa."

"Najua watakupeleka. Anza."

Nikafungua mdomo niseme moja, yeye akanitangulia, akahesabu na mimi nikamfuata. Tulipofika nne nikasikia vyombo vikigongana nyuma yangu. Nafuna, bila kuambiwa na mtu, alikuwa ameshamfunga mtoto mgongoni na ameanza kupanga sufuria ndani ya gunia la safari.